Fundo

Ulikuwa mwaka wa nzige, alisema babu,
ndiyo maana watu wa Mingoyo waliposikia mvumo
walikimbilia madebe, hawakutazama juu.
Wakapiga madebe, wakachoma majani mabichi,
na ndege ya jeshi ikapita juu ya moshi wao,
mabawa mawili juu, mawili chini,
kama kitanda kilichochukuliwa na upepo.
Ikakohoa mara moja.
Bawa la kushoto likakunjika
taratibu, alisema, kama mtu anayekunja kanzu,
halafu mkonge ukaipokea.

Bwana Shauri alileta gari hadi barazani.
Alitaka kwa Fundi Ngaunje majeneza mawili kabla jua halijachwa,
ya mninga, yenye vifuniko, yasiyorudi.
Hilo la kutorudi lilimtatiza babu.
Kwetu jeneza ni moja, la msikiti,
linakwenda limejaa, linarudi tupu,
linaegeshwa ukutani kumngoja mwingine.
Mninga uzikwe? Miaka sabini ya mti?
Lakini alichukua futi yake akaenda kupima.

Rubani alipimika.
Mwenzake, fundi wa mtambo, alipimwa kwa kukisia,
kwa kiatu kimoja na mkono wa kulia
wenye weusi wa grisi chini ya kucha.
Babu akatazama kucha zake mwenyewe,
weusi wa vanishi,
akaongeza inchi mbili bila kuambiwa.

Alipoinua macho ndipo alipoiona.
Kila mtu alitarajia chuma.
Kitu kinachonguruma vile kitakuwaje mbao?
Mbao! Nyeupe, nyepesi, za mti asioujua,
na gundi, na skrubu za shaba ndogo kama punje,
na kitani kilichowambwa kama ngoma, kikapakwa dawa
yenye harufu ya ndizi zilizopitiliza.
Kazi safi, alisema.
Kazi ya mtu aliyekaa kivulini, asiye na haraka.

Ila mhimili mmoja wa bawa la kushoto
ulikuwa umepasuka palepale kwenye fundo.
Fundo dogo, kama jicho la kuku,
limefichwa na rangi.
Mwanafunzi wa siku ya kwanza karakanani
angeukataa ubao ule.

Wakuu walikuja kwa meli kutoka Dar es Salaam.
Wakauliza kuhusu mawingu. Wakamuuliza akida,
wakamuuliza Mgiriki mwenye shamba,
wakawauliza wapiga madebe moshi ulikuwa mwingi kiasi gani,
na mmoja wao, Nampoto, aliyejibu kwa ukweli,
akalala ndani siku kumi na nne.
Fundi aliulizwa bei ya mninga.
Alisema shilingi kumi na mbili. Wakampa kumi.

Ikatoka amri: kila kipande kirudishwe.
Bibi Somoe akarudisha kitani
alichokwisha kukishona foronya,
watoto wakarudisha waya wa mitego yao.
Babu akarudisha vyote, ila shibiri moja ya mhimili,
yenye lile jicho.

Kila mwanafunzi mpya alipewa aishike.
Tafuta, aliambiwa.
Waliotafuta kwa macho hawakuona kitu.
Ilibidi ufumbe macho, upitishe kidole gumba
polepole, mpaka ubao ukukatalie.
Nami nilipewa, nikiwa na miaka tisa.
Nikalipata. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia.
“Hawakuniuliza,” akasema,
akaendelea kupiga randa
mahali palipokwisha kunyooka.

Mama ndiye aliyenisimulia yaliyobaki.
Nampoto alipotoka ndani
alikuta nyumba yake ina mlango mpya
uliowekwa usiku, bila hati, bila bei.
Hakuuliza. Babu hakusema.
Walisalimiana hivyo miaka ishirini na saba.

Mlango ungalipo, Mingoyo, nyuma ya kinu.
Mwaka jana nilisimama mbele yake,
nikafumba macho, nikaupapasa
toka kizingiti hadi juu, ubao kwa ubao,
wajukuu wa Nampoto wakinicheka.
Sikupata fundo hata moja.